Nepi za kitambaa: kinyesi chooni, nepi juani

Mzazi anaponunua nepi ya kutupa, ile ambayo mtaani huitwa "pampers" hata ikiwa ni ya kampuni nyingine, huwaza mambo mawili: bei yake, na kama itafika asubuhi bila kuvuja. Swali la tatu huja baadaye: ikishatumika, itakwenda wapi? Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi nepi hiyo huishia kwenye shimo la choo, kwenye jaa nyuma ya nyumba, motoni au mtaroni. Hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyo salama.

Nepi ya kitambaa hupunguza tatizo hilo kwa sababu hufuliwa na kutumika tena. Hata hivyo, huleta kazi yake. Inahitaji maji, sabuni, jua na mtu wa kufua kila siku. Ikifuliwa ovyo, inaweza kumletea mtoto vipele na kueneza ugonjwa wa kuhara nyumbani.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitumia vizuri, gharama yake halisi, na wakati ambapo si busara kuitumia. Hakuna anayemlazimisha mzazi kuacha nepi za kutupa. Lengo ni kila familia ichague ikijua inachokichagua.

KWA NINI JAMBO HILI LINAIHUSU KAUNTI

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 lilizipa serikali za kaunti majukumu ya huduma za afya, uzoaji na utupaji wa taka, huduma za maji na usafi, pamoja na vituo vya kulelea watoto. Nepi moja inagusa majukumu hayo yote.

Nepi ya kutupa imetengenezwa kwa tabaka za plastiki, nyuzi laini zitokanazo na miti, na chembe ndogo ambazo zikinyonya mkojo huvimba na kuwa kama uji mzito. Plastiki hiyo haiozi. Ikitumbukizwa kwenye choo cha shimo hufyonza maji, huvimba na kubaki humo. Shimo lililotarajiwa kudumu miaka mingi hujaa mapema, na lori la kunyonya maji taka likiitwa, nepi huziba bomba lake.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa wakazi wa ukanda wetu wa pwani wenye mwamba wa matumbawe. Anayeishi kuanzia Mtwapa hadi Watamu anajua kazi ya kuchimba choo kwenye mwamba: siku ni nyingi, wachimbaji wanalipwa kwa futi, na mara nyingi shimo haliwi refu. Kulijaza shimo hilo kwa nepi ni kuifukia fedha ya familia.

Nepi ikitupwa mtaroni, huzuia maji wakati wa mvua za masika. Ikisombwa, huishia kwenye mito, mikoko na ufuoni. Ikichomwa ikiwa na unyevu, haiteketei vizuri bali hutoa moshi wa plastiki ambao mama, mtoto na jirani wote wanauvuta. Ikiachwa jaani, mbwa huichana na kukisambaza kinyesi mahali watoto wanapochezea.

KINYESI CHA MTOTO SI KISAFI

Wako watu wazima wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu mtoto ananyonya tu. Imani hiyo ni ya hatari. Kinyesi cha mtoto kinaweza kubeba virusi, bakteria na mayai ya minyoo kama cha mtu mzima. Virusi vya rota, ambavyo huwaletea watoto wadogo kuhara kukali, husambaa kwa njia hiyo hiyo: kutoka kinyesi kwenda mikononi, kisha kwenye chakula, maji au chuchu ya chupa.

Chanjo ya virusi vya rota imekuwa katika ratiba ya chanjo za watoto nchini tangu mwaka 2014. Angalia kitabu cha kliniki cha mtoto wako uhakikishe ameipata. Chanjo hiyo, hata hivyo, haizuii vijidudu vingine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni moja kwa nepi zote, za kitambaa na za kutupa: kinyesi kiende chooni kabla ya jambo lingine lolote, na mikono inawe kwa sabuni.

HESABU YA FEDHA NA YA MAJI

Bei hutofautiana kati ya duka na duka, kwa hiyo tumia mfano huu kisha uweke bei za kwenu. Tuseme mtoto wa miezi minane anabadilishwa nepi mara 5 kwa siku, na nepi moja ya kutupa ni shilingi 20. Hizo ni shilingi 100 kwa siku, shilingi 3,000 kwa mwezi wa siku 30, na shilingi 36,500 kwa mwaka. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nyingi zaidi, kati ya 8 na 12 kwa siku, hivyo miezi ya mwanzo huwa na gharama kubwa zaidi.

Sasa tazama kitambaa. Ukifua nepi za siku moja kwa mkono kwa kutumia beseni la lita 10, utahitaji beseni moja la kusuuza mara ya kwanza, moja la kufulia na mawili ya kusuuza sabuni. Jumla ni lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 10, maji ni shilingi 20 kwa siku. Ongeza sabuni, na bado umeokoa fedha nyingi kila mwezi. Nepi zenyewe hununuliwa mara moja, na mtoto wa pili anaweza kuzirithi.

Lakini mtungi ukifika shilingi 50, jambo ambalo linaweza kutokea maji yanapoadimika, maji peke yake yanakula shilingi 100 kwa siku. Hapo faida imekwisha. Vilevile, mama wa Ganze au Magarini anayetembea mwendo mrefu kuchota maji wakati wa kiangazi analipa kwa mgongo na muda wake. Mitungi miwili ya ziada kila siku si jambo dogo. Familia ya namna hiyo inaweza kutumia kitambaa msimu wa maji na kuchanganya na nepi za kutupa msimu wa ukame. Kuchanganya si kosa.

Jua letu nalo lina thamani katika hesabu hii. Utafiti uliochapishwa na Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2008 ulionyesha kwamba manufaa ya nepi za kitambaa kwa mazingira hutegemea namna zinavyofuliwa. Anayekausha kwa mashine ya umeme hupoteza faida; anayeanika kwenye kamba, anayefua nyingi kwa pamoja na anayezitumia kwa mtoto wa pili ndiye hunufaika. Hapa kwetu kamba na jua tunavyo.

VITU VYA KUANDAA

Kwa familia inayofua kila siku, nepi 20 hadi 24 zinatosha kwa mtoto mchanga. Mtoto akifika umri wa kukaa na kutambaa, nepi 12 hadi 15 zinaweza kutosha. Msimu wa mvua ongeza chache kwa kuwa hazikauki haraka. Hakuna haja ya kununua zote kwa siku moja.

Kitambaa kizuri ni cha pamba: kitambaa cha taulo, au pamba nyepesi inayokunjwa mara kadhaa. Kata mraba wa sentimita 60 hadi 70 kila upande na upinde ukingo usichomoke nyuzi. Leso kuukuu za pamba na fulana za pamba zilizochakaa hufaa sana kwa sababu tayari ni laini. Kitambaa chenye nailoni au poliesta nyingi hakinyonyi vizuri na huleta joto.

Nepi mpya zifue mara mbili au tatu kabla ya kuzitumia. Kitambaa kipya huwa na nta na rangi ya kiwandani, na hakinyonyi maji hadi kifuliwe.

Utahitaji pia pini za usalama zenye kifuniko au vibanio vya nepi, chupi chache za plastiki za kuvaa juu, ndoo moja yenye mfuniko unaobana, na vipande vidogo vya kitambaa vya kutandika ndani ili kupokea kinyesi.

Siku hizi zipo nepi za kitambaa zilizoshonwa tayari kwa umbo la mtoto, zenye vifungo vya kubana na mfuko wa kuingizia kitambaa cha kunyonya. Ni rahisi kuvalisha, lakini bei yake ni kubwa kuliko ya mraba wa kawaida, na mafundi wengi wa cherehani wanaweza kuiga umbo hilo ukiwapelekea mfano. Ukinunua za aina hiyo, angalia ulaini wa kitambaa cha ndani. Vile vitambaa vya nyuzi bandia vinavyonyonya sana visiguse ngozi moja kwa moja. Viwe ndani ya mfuko.

KUMVALISHA MTOTO

Kunja mraba kuwa pembetatu, upande mrefu ukae kiunoni nyuma ya mtoto. Leta ncha ya chini mbele kati ya miguu, kisha leta ncha mbili za pembeni juu yake na ubane. Kwa mtoto wa kiume, kunja tabaka la ziada mbele; kwa wa kike, katikati. Unapopitisha pini, weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto. Pini ikipenya kwa bahati mbaya, ichome kidole chako, si tumbo lake.

Nepi ibane bila kukaza. Vidole viwili viweze kupita kiunoni. Miguu ya mtoto mchanga iachwe iweze kukunjika na kupanuka kama ya chura. Kuifunga ikiwa imenyooka kwa nguvu kunaweza kudhuru ukuaji wa nyonga. Kumbeba mgongoni kwa leso miguu ikiwa imepanuka ubavuni mwa mama ni mkao mzuri kwa nyonga zake.

Chupi ya plastiki huzuia kuvuja, lakini huhifadhi joto na unyevu. Mchana mtoto akiwa nyumbani, mvue chupi hiyo kwa muda ili ngozi ipate hewa.

Kitambaa hakina zile chembe za kufyonza mkojo, hivyo huloa mapema. Kagua kila saa mbili au tatu, na badilisha mara moja mtoto anapojisaidia haja kubwa, hata kama ni usiku.

KUFUA HATUA KWA HATUA

1. Kung'utia kinyesi chooni mara moja. Kilichoshika, kisugue kwa maji kidogo juu ya tundu la choo kwa kutumia brashi ya kazi hiyo pekee.

2. Weka nepi kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiziloweke kwenye beseni lililo wazi. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata katika maji machache, na maji yaliyosimama huzalisha mbu.

3. Suuza kwa maji baridi ili mkojo utoke. Maji haya ya kwanza yana vijidudu; yamwage chooni, si uani, si mtaroni, si mtoni wala karibu na kisima.

4. Fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri mikono inavyostahimili. Usifue pamoja na vyombo vya jikoni, wala kwenye beseni la kuogeshea mtoto.

5. Suuza mara mbili hadi povu liishe. Sabuni inayobaki kwenye kitambaa ni chanzo kikubwa cha vipele. Usitumie dawa ya kulainisha nguo. Hufanya nepi isinyonye.

6. Anika kwenye kamba palipo na jua kali. Jua na ukavu huua vijidudu vingi na hutoa harufu.

7. Nawa mikono kwa sabuni, osha na beseni.

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini haihitajiki kila siku. Ukiitumia, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na uisuuze vizuri. Usiimimine kamwe kwenye nepi zenye mkojo ambazo hazijasuuzwa, wala usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu.

Mtoto akiwa anahara, au akiwa na ugonjwa wa fangasi kwenye ngozi, chemsha nepi zake kwa dakika chache baada ya kuzifua. Siku nyingine maji ya moto na jua vinatosha, na kuni au makaa yanaokolewa.

USIANIKE CHINI

Kuna sababu nyingine ya kutumia kamba badala ya majani au uzio wa chini. Yupo nzi katika maeneo yenye joto ya Afrika, yakiwemo ya pwani yetu, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu. Mayai yakianguliwa, buu hupenya ngozi na kuota kama jipu. Mtoto akivishwa nepi yenye mayai hayo, majipu hutokea makalioni na kiunoni.

Kinga yake ni kuanika juu, palipo na jua kamili, kuhakikisha nepi imekauka kabisa, na kupiga pasi yenye moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Pasi ni ya lazima zaidi wakati wa mvua, nguo zinapokaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Ukiona jipu lenye tundu dogo katikati, usilikamue nyumbani. Mpeleke mtoto zahanati.

VIPELE VYA NEPI

Vipele vinaweza kumpata mtoto wa nepi ya aina yoyote. Chanzo huwa ni unyevu, kinyesi kukaa muda mrefu, msuguano, sabuni iliyobaki, au fangasi. Osha mtoto kwa maji safi ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa bila kusugua, na umwache bila nepi kwa muda mara kadhaa kwa siku. Paka mafuta ya mgando safu nyembamba kuzuia unyevu. Usimnyunyizie poda, vumbi lake likivutwa ni hatari kwa mapafu ya mtoto.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa vipele havijapungua baada ya siku tatu, ikiwa kuna malengelenge, usaha au homa, au ikiwa wekundu mkali umeingia kwenye mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vidoadoa. Dalili hiyo ya mwisho mara nyingi ni fangasi na huhitaji dawa maalumu. Mtoto anayehara naye asicheleweshwe: endelea kumnyonyesha na umpeleke apate maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki.

USIKU, SAFARI NA KITUO CHA WATOTO

Usiku ongeza kitambaa cha pili ndani. Wazazi wengi huamua kutumia kitambaa mchana na nepi moja ya kutupa usiku au safarini. Kwa mtoto wa mfano wetu, hilo peke yake linapunguza nepi za kutupa kutoka 5 hadi 1 kwa siku.

Mama anayemwacha mtoto kituo cha kulelea watoto akubaliane mapema na mlezi wa hapo. Peleka nepi safi za kutosha pamoja na kopo lenye mfuniko la kurudishia zilizotumika. Mlezi hatakiwi kuzifua, lakini kinyesi akitupe chooni na anawe mikono kabla ya kumgusa mtoto mwingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo kopo au mfuko wa kitambaa kizito unaofulika ndio ufumbuzi.

UKITUMIA ZA KUTUPA

Kinyesi kitangulie chooni. Kisha ikunje nepi kwa ndani, ifunge kwa vibandiko vyake na uiweke kwenye pipa lenye mfuniko pamoja na taka zisizooza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Nepi ikitupwa kwenye maganda na mabaki ya chakula, mboji yote inaharibika. Usiitumbukize chooni, usiichome, na usiiache mahali mbwa wanapofika. Pasipo gari la taka, ulizeni ofisi ya wadi mahali palipotengwa.

NANI AFANYE KAZI HII

Swali hili lisipoulizwa mapema, mpango wote huvunjika. Nepi za kitambaa zinahitaji karibu saa moja ya kazi kila siku, na mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita hawezi kubeba mitungi, kufua, kupika na kunyonyesha peke yake. Baba anaweza kuchota maji na kuanika. Nyanya na shangazi wanaoishi nyumbani wanajua kukunja nepi kuliko kitabu chochote. Kaka mkubwa anaweza kupiga pasi. Familia ikikaa na kugawana kazi kabla mtoto hajazaliwa, kitambaa kitadumu. Kazi yote ikiachiwa mtu mmoja, baada ya mwezi nepi za kutupa zitarudi na choo kitaendelea kujaa.

Anayetaka kuanza aanze na nepi sita za mchana kwa wiki moja, aone maji yanayotumika na muda unaokwenda. Kwa msaada zaidi, uliza muuguzi siku ya kliniki ya mtoto au mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu. Huduma hiyo ni haki ya kila mkazi.